Kukodi teksi Kigoma: ya kukubaliana kabla hujafungua mlango

Abiria akishuka kwenye treni Kigoma, swali la kwanza analoulizwa ni "Unaenda wapi?" Wanaouliza ni wengi na wanauliza kwa pamoja: wa teksi, wa bajaji, wa bodaboda, na vijana wa kubeba mizigo. Mgeni aliyechoka na safari ya karibu kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hujibu "mjini". Hapo ndipo bei inapoanza kumkimbia, kwa sababu neno hilo hapa halimwambii dereva kitu chochote.

Manispaa inaitwa Kigoma-Ujiji, na jina hilo lichukuliwe kama lilivyo: ni miji miwili iliyoungana. Huku chini, kwenye stesheni na bandari, ndiyo Kigoma yenyewe, na Barabara ya Lumumba inapanda mlima kutoka hapo. Ukipanda unafika Mwanga, penye soko. Ukishika njia ya kusini unafika Ujiji, kilomita kama 8 kutoka stesheni. Kibirizi, wanakopandia boti za kwenda hifadhi ya Gombe, iko kaskazini ufukweni. Bangwe na Katonga ziko upande mwingine wa ghuba. Stendi kuu ya mabasi ni Masanga, na si mwendo wa kutembea na mabegi kutoka stesheni. Kwa hiyo "mjini" ya mtu wa Ujiji si "mjini" ya aliyesimama mlangoni pa stesheni, na dereva akikupa bei ya "mjini" kisha ukamwonyesha njia ya Ujiji, ana haki ya kudai nyongeza.

Taja vitu viwili kila mara: mtaa, na alama ambayo kila mtu anaijua. "Mwanga, karibu na sokoni." "Maweni, geti la hospitali." "Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone." Jina la nyumba ya wageni peke yake halitoshi, maana nyumba za wageni hubadili majina, na nyingine zina majina yanayofanana. Kama umewekewa chumba na mwenyeji, muombe akutumie kwa ujumbe mfupi maelekezo ambayo yeye mwenyewe humpa dereva wa bajaji. Maelekezo hayo yana faida kuliko alama ya ramani kwenye simu, kwa kuwa vichochoro vya mlimani haviko vyote kwenye ramani, na vingine viko lakini gari haipiti.

Bei ni ya safari nzima

Teksi za hapa hazina mita. Bei ni makubaliano, na makubaliano yana sehemu tano: wapi, lini, watu wangapi, mzigo gani, kwenda tu au kwenda na kurudi. Ukiuliza "Ni bei gani mpaka Kibirizi?" bila hizo nyingine, utapewa bei ya mtu mmoja mwenye mkoba, anayeshuka na kuagana na dereva. Kisha unatokea na wenzako wawili, begi la hema na katoni ya maji, na unataka akusubiri mpaka boti ipatikane. Bei bila maelezo ya safari si bei.

Sitaandika hapa nauli za shilingi, kwa sababu hubadilika na mafuta. Lakini hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. EWURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, mji kwa mji, na Kigoma huwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya umbali kutoka bandarini. Gari ndogo kama IST au Corolla, kwenye milima hii na breki za kila mara, hesabu kilomita 10 hadi 12 kwa lita. Stesheni hadi Ujiji ni kilomita 8. Dereva akirudi bila abiria ni 16. Hiyo ni kama lita moja na nusu. Mafuta hayo ndiyo chini ya bei, haiwezi kushuka hapo. Juu yake kuna muda wake, matairi, na hesabu.

Hesabu ndiyo neno ambalo mgeni halijui na linamsaidia sana. Madereva wengi hawamiliki gari wanaloendesha. Kila siku wanampelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Asubuhi dereva anatafuta hesabu ya bosi. Hawezi kukupunguzia mpaka akose abiria. Jioni, hesabu ikishatimia, anaweza kuongea. Safari ya kwenda mahali ambako hapati abiria wa kurudi naye, kama Katonga au fukwe za kusini, atakutoza ya kwenda na kurudi hata kama unaenda tu, na hakukuibia. Ukitaka ipungue, panga arudi nawe.

Ili usibahatishe, uliza watu wawili wasio na faida yoyote kwenye jibu: mlinzi wa pale ulipolala na mama anayeuza chai jirani. Usiulize "Teksi ni ghali?" Uliza "Ukienda Ujiji na gari ya kukodi, unalipa ngapi?" Wakikupa namba mbili zinazokaribiana, umeshapata bei ya mji. Kisha muendee dereva kwa salamu. Mzee mpe shikamoo yake, kijana muite kaka, na uanze na habari za kazi kabla ya nauli. Mapatano ya kawaida huenda hivi:

"Habari za kazi, kaka. Tuko watatu na mabegi matatu. Utupeleke Ujiji makumbusho, utusubiri saa moja, uturudishe hapa hapa. Gari zima ni ngapi?"

Maneno "gari zima" yana kazi. Bila hayo, bei unayotajiwa inaweza kuwa ya kila kichwa, nawe utalijua hilo wakati wa kushuka. Na "saa moja" iseme wazi, pamoja na kitakachotokea ikizidi. Makumbusho, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, saa moja inatosha. Ukiongeza kushuka mwaloni, ufukweni pa wavuvi, kutazama mitumbwi inavyoundwa, sema saa mbili tangu mwanzo.

Saa inayokuangusha

Hapa ndipo wageni wengi wanapoachwa na basi, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni tiketi. Tiketi ya ndege inaandika 13:40, dereva anasema saa saba na dakika arobaini mchana. Ukimwambia "saa kumi na tatu" atakutazama, na ukimwambia "saa tano asubuhi" kwa kusoma 5:00 ya tiketi ya basi, atakuja basi likiwa limeondoka saa sita nzima nyuma, maana 5:00 ni saa 11 alfajiri. Kila mara taja saa pamoja na kipande cha siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Na alfajiri taja siku yenyewe: "kuamkia Jumanne", kwa sababu ukisema "Jumatatu usiku saa 10", mmoja atasikia usiku wa kuamkia Jumatatu na mwingine usiku wa kuamkia Jumanne.

Ya pili ni jua. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini saa ni ile ile ya Dar es Salaam. Jua huchelewa hapa kwa dakika kama 40. Mtu wa Pwani anapanga teksi ya saa 12 asubuhi akijua kutakuwa kumepambazuka. Hapa bado ni giza, na huna wa kumuuliza njia. Safari yoyote ya kabla ya saa 1 asubuhi ihesabu kuwa ya usiku: dereva aje mpaka getini, si "tukutane barabarani", na mlinzi ajulishwe jioni ili asibishane na gari alfajiri.

Ya tatu ni simu yenyewe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na Burundi iko jirani tu kaskazini. Burundi, na Kongo ya upande wa ziwa, ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijipangie saa yenyewe, ikikamata mnara wa ng'ambo, hasa ukiwa ufukweni au umelala Gombe, inaweza kujirudisha nyuma saa moja bila kukuambia. Kengele ya saa 10 alfajiri inalia saa 11, na dereva ameshapiga honi akachoka. Ingia kwenye mipangilio, zima saa ya kujipanga, weka saa ya Afrika Mashariki kwa mkono. Zima pia matumizi ya data nje ya nchi, maana mnara huo huo wa ng'ambo hula salio.

Kuweka oda kwa simu

Usitegemee kwamba programu uliyozoea Dar es Salaam itakuletea gari hapa. Ukiifungua ikakuonyesha ramani isiyo na gari, usipoteze nusu saa ukiitazama. Oda ya Kigoma ni namba ya mtu. Tafuta namba mbili za madereva siku ya kwanza, mchana, wakati huna haraka: mmoja umpate kwa wenyeji wako, wa pili umchague mwenyewe kijiweni baada ya kupanda naye ukaona anavyoendesha. Wa pili ni akiba. Gari hupata pancha na betri hufa, na alfajiri hakuna kijiwe chenye watu.

Pigeni simu, elewaneni, kisha andika ujumbe. Ujumbe ndio mkataba wenu. Uwe na kila kitu, kwa mfano huu:

"Habari kaka. Kuamkia Jumanne, saa 10:15 alfajiri, unichukue Maweni geti la hospitali unipeleke stendi Masanga. Watu 2, mabegi makubwa 2, dumu 1 la lita 20. Bei ya gari zima na mzigo ni ile tuliyoongea. Nitumie namba ya gari na rangi. Nijibu nijue umeipata."

Namba ya gari ni ya lazima, kwa sababu ya jambo moja linalotokea sana: dereva uliyeongea naye anapata safari ndefu, anamtuma mwenzake. Si kosa, ndivyo kijiwe kinavyosaidiana, lakini mwenzake hajui bei wala dumu lako. Akikwambia "nimemtuma kijana", mwambie akutumie namba ya gari na jina la huyo kijana, na bei airudie kwa maandishi mbele yako na mbele yake. Gari ikifika namba ikiwa tofauti, usipande mpaka umpigie wa kwanza.

Mpigie tena saa 3 usiku kumkumbusha, na alfajiri dakika 30 kabla ya muda. Asipopokea mara mbili, hapo hapo mpigie wa akiba. Dakika kumi za kumsubiri wa kwanza ndizo zinazokupotezea basi. Muda wa teksi uupange hivi: saa ya basi kuondoka, toa dakika 45. Kumi na tano ni za barabarani, thelathini ni za kupakia mzigo na kutafuta basi lako lilipo, maana mabasi yanayoondoka alfajiri huwa mengi kwa pamoja.

Kwa wanaofika kwa treni, oda huwekwa tofauti. Usimpe dereva saa ya kwenye ratiba. Reli ndefu hii hupishana na treni za mizigo, na kuchelewa hakuepukiki. Mwambie siku, halafu mpigie ukiwa Uvinza; kutoka hapo zinabaki saa chache, naye anaweza kuendelea na kazi zake. Mtandao hukatikakatika kwenye bonde la Malagarasi, hivyo ujumbe uutume mapema kidogo, ukiwa Nguruka, kisha uthibitishe Uvinza. Kwa ndege ni rahisi zaidi, ila usiingie uwanjani bila oda ukiwa wa mwisho kutoka na mabegi. Safari za ndege ni chache, madereva huja kwa ajili ya ndege na huondoka na abiria wao.

Mzigo wa Kigoma una tabia zake

Watu hawaondoki Kigoma mikono mitupu. Wanaondoka na mawese, dagaa na migebuka (samaki wa ziwa hili), na vitu hivi vitatu ndivyo vinavyoleta ugomvi mkubwa kati ya abiria na dereva.

Tuanze na mawese. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 18 hivi. Mafuta yanapopata joto hutanuka, na buti la gari lililokaa juani ni tanuri. Dumu lililojazwa mpaka mdomoni litasukuma mfuniko hata kama umekazwa. Muuzaji akupunguzie, aache nafasi ya vidole vitatu juu. Fungua mfuniko, weka kipande cha nailoni mdomoni, funga mfuniko juu yake ukaze, kisha zungusha mpira wa tairi la baiskeli shingoni. Likae wima, limebanwa na begi kila upande, na chini yake kuna katoni iliyokunjuliwa. Dumu lililolazwa huvuja kwenye kona ya kwanza, na kwenye miteremko ya hapa kona ya kwanza haiko mbali. Doa la mawese kwenye kapeti ya gari halitoki kwa kufuta. Ni kung'oa kapeti na kuifua kwa sabuni, na siku nzima ya hesabu imekwenda. Dereva anayekataa dumu bila katoni anajua anachokifanya.

Kwenye bajaji angalia zaidi. Nafasi ya mzigo nyuma ya kiti iko juu ya injini. Mkono wako utakuonyesha: weka kiganja hapo baada ya mwendo wa Ujiji, kuna moto. Mawese yanapata moto, mgebuka wa kukaushwa unaanza kuchuruzika, plastiki laini inanywea. Weka hapo nguo na viatu, na chakula kikae miguuni.

Dagaa wakavu ni wepesi lakini harufu yao hukaa kwenye viti vya kitambaa siku kadhaa. Mfuko wa salfeti peke yake hauzuii kitu. Ndani yake weka mfuko mzito wa nailoni, ufunge shingo kwa kuipinda na kuikunja chini, ndipo uingize kwenye salfeti. Na mwambie dereva mapema kwamba ni dagaa. Akijua kabla, atatandika turubai na bei itabaki ile ile. Akijua wakati mnapakia, atataka nyongeza, na binafsi naona ana haki, kwa kuwa abiria anayemfuata ndiye atakayelalamika.

Mzigo ukizidi madumu matatu au gunia zima, acha teksi. Kodi kirikuu (pikapu ndogo) au toyo (pikipiki ya magurudumu matatu) ya kubebea mizigo kwa ajili ya mzigo, wewe panda bajaji nyuma yake, na namba za gari hilo ziwe kwenye simu yako kabla halijaondoka. Mtu wako mmoja apande na mzigo ikiwezekana.

Kagua gari kwa dakika moja

Namba nyeupe ni ya biashara, ya njano ni ya gari binafsi. Usalama wako na haki yako ya kudai huanzia kwenye ile nyeupe, kwa hiyo chagua hiyo, hata kama yenye namba ya njano ina kiyoyozi. Tazama tairi za mbele kama zina kashata, yaani meno ya kushika barabara. Kaa, vuta mkanda, uone kama unashika. Kisha funga mlango na ujaribu kuufungua kwa ndani kabla gari haijaondoka. Magari ya zamani mengi mkono wa ndani umekatika, na mlango usiofunguka kwa ndani si wa kupanda usiku.

Wakati wa mvua ongeza kimoja: waipa. Mvua ya ziwa huja ghafla na kwa nguvu, na barabara za udongo mwekundu zinazoingia mitaani mlimani huteleza kama sabuni. Bajaji yenye watu watatu nyuma hukosa uzito mbele, na gurudumu lake moja la mbele likiteleza usukani haufanyi kitu. Siku ya mvua shuka kwenye lami, malizia kwa miguu. Boda siku hiyo usipande kabisa ukiwa na begi mgongoni. Begi hukuvuta nyuma kwenye mlima, na wewe unamvuta dereva.

Dereva akisimama sheli na kuomba nauli mapema aweke mafuta, si ajabu, wengi huanza siku tangi likiwa tupu. Mpe sehemu, isizidi nusu, na utamke kwa sauti: "Hii ni elfu tano kwenye ile elfu kadhaa tuliyokubaliana." Iliyobaki ni baada ya kufika.

Kuhusu kulipa, beba noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Alfajiri hakuna mwenye chenji ya 10,000, na duka la kuvunja pesa halijafunguliwa. Ukilipa kwa simu, uliza kabla kama bei ni pamoja na ya kutolea au la, maana dereva akipokea pesa kamili bado atakatwa kwa wakala. Kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea na umuulize jina lake; madereva wengine hutoa namba ya bosi au ya mke, na tarakimu moja ikikosewa pesa huenda kwa mtu mwingine kabisa. Usishuke na mzigo mpaka wote wawili mmeuona ujumbe, yeye kwenye simu yake na wewe kwenye yako.

Wanaoendelea Kasulu au Uvinza kwa gari ndogo za kugawana, zile Probox wanazoziita michomoko, wajue jambo moja la ziada. Gari haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa, na kujaa kwa dereva ni zaidi ya viti alivyonavyo. Ukitaka kukaa peke yako mbele, lipia nafasi mbili na useme hivyo mbele ya abiria wengine kabla halijaanza kupakia. Kitambulisho kikae mfukoni, si kwenye begi la buti: huu ni mkoa wa mpakani, ukaguzi wa njiani ni wa kawaida, na gari zima litasimama likikusubiri wewe ushushe mabegi ya watu kutafuta la kwako.